Maji ya Maua

Jumatatu zamu yangu huwa ya makaburi.
Navaa fulana ya idara iliyofifia ikawa rangi ya chai,
nabeba tochi, kichujio, vichupa vitano,
na mfuko wa mchanga unaoniumiza bega tangu Machi.
Hapa Iquitos mvua hainyeshi, humwagwa.
Kila kilicho wazi hujaa:
kizibo, tairi, kiatu cha mtoto,
na makopo ya maua juu ya wafu.

Wanaonijua huniita Nilda wa Makopo.
Wasionijua hudhani naiba.

Namulika kopo la kwanza: kavu.
La pili: vinacheza.
Viluwiluwi vyembamba kama kope
vinajikunja, vinajikunjua, vinapanda kuvuta pumzi;
kivuli cha mkono wangu kikipita
vyote vinazama kwa pamoja, kama darasa
lililosikia viatu vya mwalimu mlangoni.
Siku nane, au kumi, na hivi vitaruka.
Mama yao si yule wa usiku anayekuimbia sikioni.
Huyu ni wa mchana, mweusi, miguu ya madoa meupe,
hukuuma kifundoni ukiwa unakoroga chungu
na hata hujikuni mpaka ameshaondoka.
Sumu hakuzaliwa nayo.
Huitoa kwa mtu, huipeleka kwa mtu.
Ghala ni sisi; yeye mchukuzi.

Safu ya saba, kaburi la vigae vya buluu.
Jeiner Tuanama, miaka tisa.
Mama yake, Bi Hermelinda, amekwisha kufika
na chupa ya maji na maua mekundu
yaliyochongoka kama midomo ya kasuku.

Mwaka ule jina la mtoto nililiandika mimi.
Siku ya kwanza alisema macho yanauma kwa ndani.
Ya pili, mifupa.
Ya nne mwili ukapoa,
mama akashukuru, akamsagia ndizi mbivu,
akafua shuka, akazianika.
Hakuna aliyemwambia,
mimi sikumwambia,
kuwa kidingapopo hubisha hodi wakati wa kutoka:
homa ikishuka ndipo ukeshe,
utazame ufizi, uulize tumbo,
akitapika mara tatu usingoje kuche.
Walingoja kuche.

Sasa anainamisha chupa juu ya kopo
na ulimi wangu mzito kuliko mfuko.
Utamwambiaje mtu kwamba kila Jumatatu,
kwa mikono yake, kwa mapenzi yake,
anamnywesha aliyemuua mwanawe?

Sikusema. Nilimpa tochi.

Alitazama sana.
"Vinacheza," akasema. "Kama yeye mtoni."
Kisha, bila kuinua uso:
"Nikiyamwaga, basi vimekwisha?"
Havijakwisha, mama. Mayai yamegandia ukutani mwa kopo,
madogo kama vumbi la mkaa.
Hukaa makavu miezi na miezi
yakisubiri mvua iwaite.

Akayamwaga maji kwenye ardhi yenye kiu, palepale.
Akavua kandambili, akaokota kifundo cha nyuzi za mnazi,
akasugua kopo ndani, kuzunguka, kuzunguka,
hadi bati likalia,
hadi nikataka kumwambia yatosha.
Nikamimina mchanga. Akaulowesha kidogo tu,
akachomeka ua moja moja.
Yalisimama vizuri kuliko kwenye maji.

Nikadhani ataketi, kama desturi yake.
Alihamia kaburi la jirani, lisilo jina,
kopo lake limeota kutu na limejaa pomoni.
"Huyu hana mtu," akasema. "Lete mchanga."

Hatukuzungumza tena.
Yeye kumwaga na kusugua, mimi kumimina.
Mfuko uliisha katikati ya safu ya tisa.
Safu ni arobaini.
Kwa upande wa mto mawingu yalikuwa yamekwisha kushuka,
na tone la kwanza likagonga bati
tusilolifikia.